Paa la Mama Kiden na Jiko Nililolizima

Jumatatu, 23 Machi 1992. Koboko.
Kwaresima hii vijana wa parokia watamwezekea nyumba Mama Kiden, mjane aliyerejea kutoka uhamishoni Kongo. Paa liishe kabla ya mvua, na mawingu yamekwisha kutanda. Jumapili Padri atateua mwenyekiti wa vijana: mimi niliye katekista, au Angelo wa kwaya. Angelo! Mtu asiyeweza kuandika hata ajenda. Mama Kiden alitaka kuwapikia vijana maharage kwa simsim. Nikamkataza. Huduma ni sadaka. Nyasi zipo, kamba zipo. Hakuna aliyepanda juu.

Jumanne, 24 Machi.
Vijana kumi na wanane, wote wamekaa! Nimewahutubia dakika arobaini juu ya uvivu. Keji, msichana wa miaka kumi na tano, akanijibu mbele ya wote: "Mwalimu, jiko ya mama iko baridi. Sisi hapana panda." Ufidhuli mtupu. Nimewanyang'anya mpira wao.

Jumatano, 25 Machi.
Wamesuka mpira mwingine. Kwa kamba zangu za kuezekea! Loku, kiongozi wa uasi, ameniuliza kwa heshima zote kama ningependa kudaka. Mama Kiden analia. Eti majirani wanamcheka: watu wamjengee wakiwa na njaa, kana kwamba hana mikono ya kupika? Nimemwambia aibu inafaa sana Kwaresima.

Alhamisi, 26 Machi.
Nimetangaza kwamba majina ya wavivu yatasomwa kanisani. Wakapanga foleni kujiandikisha! Loku amemwandikisha na mdogo wake, ambaye hajawahi kufika.

Ijumaa, 27 Machi.
Nimepanda lori alfajiri hadi Arua kununua filimbi. Nimerudi jioni. Paa limekwisha! Nilipoondoka tu, Mama Kiden aliwasha moto. Angelo, bila haya, akamsongea ugali. Keji alikuwa amenibakishia sahani. Nimekula, kwa ajili ya ukaguzi. Mvua ikashuka. Ndani halikuingia hata tone moja.

Jumapili, 29 Machi.
Ameteuliwa Angelo. Dhuluma! Mimi nimepewa kusimamia uezekaji wa nyumba ya Mzee Tombe, kule Ludara. Vema. Siri ya paa lile naijua peke yangu: vijana walisikia habari za filimbi wakaogopa. Nimempelekea mke wa Tombe ujumbe: tunaanza kesho, nami nisione moshi jikoni.