Gulshan Auza Chui Asiyekuwepo

Gulshan Tekam aliwaona palepale walipofukuzwa getini, akajua leo riziki imekuja na miguu yake. Mwanaume ana kitambi na pete kila kidole, kofia mpya bado ina lebo ya dukani. Mkewe kaikumbatia darubini kama mtoto mchanga. Vibali vya kuingia hifadhini vilikuwa vimeisha zamani, na karani keshawafungia dirisha.

"Pole bosi," Gulshan akasema. "Mmetoka Surat, mji wa wachuuzi?"

"Umejuaje?"

"Karani anawafukuza, nyie bado mnaomba punguzo."

Jamaa akacheka. Anaitwa Hasmukh, anauza vitambaa, mke anaitwa Kokila. Keshautangazia mtaa mzima kwamba anakwenda kuona chui milia, na treni ya kurudi ni leo jioni.

"Humo ndani ni chui wa serikali," Gulshan akanong'ona. "Wamechoka kupigwa picha. Mimi nina wangu, ng'ambo ya mto. Kibali hakuna, maana hata yeye chui hana kibali."

Sasa hapa niwaeleze vizuri, maana watu mjini kwetu wanamsema vibaya. Gulshan haonyeshi chui. Anauza kumkosa chui. Asubuhi anapita na mguu wa mbao aliouchonga mwenyewe kwa umbo la wayo wa chui, anagonga nyayo kwenye vumbi. Binamu yake Pusau anapanda mti, analia kama swala madoa aliyeshtuka. Mgeni anaona nyayo, anasikia swala, anaambiwa chui kapita sasa hivi tu. Anaondoka anatetemeka kwa furaha. Hakuna anayedai pesa yake, kwa sababu hata waliolipa getini wengi wanarudi hivyohivyo.

Roho ya kazi ilikuwa gari, la wazi, la kijani. Alilinunua baada ya kuuza nyati wawili wa maziwa wa mama mkwe. Mama mkwe alitoa sharti moja: gari likipotea, binti yangu anarudi nyumbani.

Basi wakavuka mto. Hasmukh akatoa bunda la rupia, Gulshan akalisukumia kwenye droo ya gari, karibu na ule mguu wa mbao uliofungwa kwenye gunia. Walipofika kwenye mzambarau mkubwa akapunguza mwendo.

"Mama, usipumue."

"Mpaka lini?" Kokila akauliza.

Nyayo zilikuwa zimeuzunguka mzambarau wote. Kazi safi. Kwenye mti wa msaji wa jirani Pusau akalia kiswala. Gulshan akashuka, injini akaiacha inaunguruma, akapiga goti, akagusa vumbi, akanusa kidole. Kunusa si lazima, ila wageni wanapenda.

"Dume," akatangaza. "Kashiba, lakini ana mawazo."

Hapo Pusau akakohoa. Kho! Kho! Kikohozi cha kima.

Huku kwetu swala unaweza kumdharau, yule hata jani likidondoka anapiga kelele. Kima yuko juu, anaona. Akikohoa vile, chui yupo, na sauti hiyo mtu haigizi kwa mzaha, hata tapeli. Ndivyo tulivyolelewa.

"Nyuma yako!" Hasmukh akapiga yowe. "Panda mti!"

Gulshan akaupanda mzambarau kiatu kikabaki chini. Alipofika juu akageuka. Chui hakuna. Hasmukh kashahamia kwenye usukani. Pusau anashuka msaji wake taratibu, anajikung'uta, anapanda nyuma ya gari, na Kokila anampa chapati ya uwatu bila kuulizana majina, kama watu waliokwishapatana.

"Wewe Pusau!"

"Miaka yote nalia kama swala," Pusau akajibu, mdomo umejaa. "Umewahi kunipa hata ya chai?"

"Si nilikupa shati!"

"Lilikuwa langu!"

Gari likaondoka, na bunda lake, na ndoa ya mtu ndani yake.

Gulshan akaanza kushuka ili awawahi mtoni. Ndipo ikaja baiskeli. Juu yake Markam, mlinzi wa msitu, mtu asiyejua utani. Akaziona nyayo. Akasimama. Akatazama juu.

"Wewe! Usishuke!"

"Mzee wangu, nina haraka kidogo..."

"Kauzunguka mti wote huyu. Anakusubiri." Markam akachomoa redio. "Leteni tembo wa kumfukuza chui. Kuna mtu mtini."

"Na kama hizo nyayo si za kweli?" Gulshan akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwenye kuzichezea tunamfunga. Kwani unamjua?"

"Hapana, mzee. Nauliza tu."

"Hivi ulikuja na nini huku?"

"Gari. Wageni wameondoka nalo."

"Watu wenye akili hao." Markam akaandaa redio tena. "Haya, sema ukweli, nitoe taarifa kamili. Chui umemwona kwa macho yako?"

Gulshan akatazama vumbi la gari likipotea ng'ambo ya mto, akakaa vizuri kwenye tawi.

"Nimeona watatu."

Markam akasogeza redio mdomoni.

"Ongezeni tembo."