Uzito Halali wa Mashine ya Mama Frida

Jumatatu, 3 Juni

Simu kutoka Dodoma. Binti yetu Frida anasema daktari amemkataza mama yake kuinama, kwa hiyo Jumamosi anakuja kumchukua akaishi kwake, ambako kuna mashine ya kufulia. Akaishi! Nikauliza, na mimi je? Akasema nitakuwa natembelewa. Nimemwambia mashine itakuwepo hapa Katubuka kabla hajafika. Mke wangu Eufrasia alikuwa anakunja nguo. Miaka yote nimelalia shuka zenye harufu ya sabuni ya mawese. Akiondoka zitanuka mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimezunguka madukani. Jirani yangu Castory anayo ya mlango wa juu, nyepesi, mfuniko umeshavunjika, lakini bado anaiita mtambo. Kanionya kwamba ya mlango wa mbele ukiifungua maji yote yanahamia sebuleni. Wivu tu. Muuzaji kasema ya mlango wa mbele haitafuni nguo, haili maji, na inadumu. Kisha akaanza habari za mota na dhamana, nami nikaacha kusikiliza. Nimeuza dagaa Ujiji tangu ndevu hazijaota. Kitu hupimwa kwa kunyanyua. Nikazikumbatia moja moja, watu wakitazama. Moja ikagoma kabisa kuondoka sakafuni. Nikasema, hiyo hiyo.

Jumatano, 5 Juni

Imeletwa kwa guta. Wabebaji wameguna mpaka Castory katoka nje. Siku njema.

Eufrasia kaizunguka, kachungulia kile kioo cha mviringo mlangoni, kasema ni kama dirisha la meli ya Liemba. Zamani meli ikipiga honi, wanawake waliokuwa wakifua pale ufukweni Kibirizi waliacha kufua, wakaipungia nguo zilizolowa. Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza, kasimama juu ya jiwe, anapunga shati la kaka yake. Mimi nilikuwa mtumbwini na magunia yangu. Nikajua ananipungia mimi, nikapunga kwa mikono yote miwili, nusura nianguke majini. Kugeuka, kumbe meli iko nyuma yangu. Aibu ile ninayo hadi leo, na siiuzi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefungua mashine niione hiyo mota nzito. Nilichokuta ni zege. Bonge moja juu, jingine mbele, zege tupu kama la msingi wa nyumba.

Mchezo huo naujua. Ufukweni wapo watu wanaochanganya mchanga kwenye gunia la dagaa ili mizani ilale. Eufrasia akasema na mimi nilikuwa mmoja wao. Si kweli. Ule mchanga uliletwa na upepo. Akashauri nimuulize kwanza fundi Anatoli. Tangu lini mtu akaomba ruhusa kumwaga mchanga wa watu? Nimeyatoa mabonge yote mawili kwa spana, nikayaweka uani. Sasa mashine yangu ina uzito halali.

Ijumaa, 7 Juni

Bomba halikutoa maji. Sijaijaribu. Kitu halali hakina haja ya kujaribiwa.

Jumamosi, 8 Juni

Frida kafika na begi tupu la kutilia nguo za mama yake. Shikamoo yake ilikuwa fupi. Nikamkalisha mbele ya mashine, nikamwita na Castory aje ajifunze.

Mwanzoni ilizunguka kwa adabu. Ilipofika kwenye kukamua ikatetemeka, ikaruka, ikaanza safari. Imeng'oa mpira wa maji, imepita meza, imemfuata Frida. Nikaikumbatia. Tukaenda, mimi na mashine, mpaka waya ulipochomoka ukutani. Castory alicheka akakaa chini kwenye maji.

Frida hakucheka. Alimwambia mama yake afungashe. Nikatoka uani nikakaa juu ya bonge la zege. Machozi yalinitoka. Frida alipochungulia nilisema ni sabuni.

Baadaye Eufrasia akaja, akaniambia nisogee, akakaa. Alikuwa bado anajifuta macho kwa kucheka. Akasema huko Dodoma mashine ipo, lakini hakuna wa kuikumbatia. Ataenda Krismasi kusalimia, basi. Kisha akasema, polepole, kwamba ile meli alikuwa ameshaiona mara nyingi mno. Siku ile hakuwa na sababu ya kuipungia.

Nikampungia kwa mikono yote miwili, pale pale juu ya zege. Mtu mzima kama mimi.

Jioni Anatoli kaja, kasema zege huwekwa kiwandani makusudi, ndilo linaloituliza mashine inapokamua. Karudisha mabonge yote. Imefua kimya.

Jumapili, 9 Juni

Frida kaondoka peke yake. Begi limejaa samaki, migebuka mikavu, badala ya nguo za mama yake. Shuka zinakauka uani, Eufrasia kaenda kwaya, nami nimepata nafasi ya kutafakari wiki hii.

Funzo ni moja. Mke wangu amebaki kwa sababu nilichagua mashine kwa kunyanyua. Anatoli ni mtu mwema, ila nadhani hao wa kiwandani humpa chochote.

Asubuhi nilijaribu kusogeza friji nifagie. Nzito mno kwa kitu kinachobeba nyanya na maji. Nimechungulia nyuma. Chini pale kuna kidude cheusi, cha mviringo, kizito, kinanguruma bila kazi yoyote ninayoiona. Spana bado ninayo.