Mji Uliofungwa Nailoni

Kwa Mama Mzazi wa Mheshimiwa Meya,
Nyumba ya geti la bluu, nyuma ya soko.

Mama, shikamoo.

YAH: MWANAO KUTUNYIMA MJI WETU KWA KUUTUNZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia wewe kwa kuwa ofisi ya Meya nimeshaiandikia, nikajibiwa kwamba barua yangu imepokelewa na imehifadhiwa mahali pazuri. Sina shaka na hilo. Kuhifadhi ndiyo kazi anayoiweza. Na kwa kuwa juu ya Meya sioni mkubwa mwingine ila aliyemzaa, nimebisha hodi kwako.

Kwanza nimpe haki yake. Mwanao ni mchapakazi. Sisi tulimjua akiuza vigoda, anavibeba kichwani mlango kwa mlango. Husemwa kibaya chajitembeza, lakini vigoda vyake vilikuwa imara na bado vilijitembeza. Akapata banda, banda likazaa duka, duka likapanda ghorofa, na sofa zake zikawa ndoto ya kila mwenye sebule. Kila sofa ilitoka imevikwa nailoni nzito, na sharti lilikuwa moja tu: ukitoa nailoni, mali hairudishwi. Alipogombea umeya alituahidi mji unaong'aa kama umetoka dukani leo. Tukampa kura, hata shangazi yangu ambaye hampendi mtu. Ahadi ameitimiza, Mama, na hapo ndipo penye tabu.

1. Vituo vya basi vimewekewa mabenchi mazuri, yana migongo na pa kuegemeza mikono, na yote yamefungwa nailoni. Kila kituo kina mlinzi mwenye filimbi, kazi yake ni kuwainua waliokaa. Jirani yangu, fundi cherehani mwenye goti bovu, aliegemea tu, akapigiwa filimbi mpaka mbwa wakabweka. Alipouliza benchi ni la nani, aliambiwa kwa upole kwamba ni la wageni.

2. Choo kipya cha soko kina vigae vyeupe, kioo, na bomba linalotoa maji ukikinga mkono. Kina kufuli pia. Sisi tunaendelea kwenda kule nyuma unakokujua.

3. Taa za barabara kuu ziliwashwa siku ya uzinduzi. Tulipiga makofi, zikazimwa zisije zikachakaa.

4. Hili ndilo linaloniuma, na hayo mengine nimeyataja ili nipate ujasiri wa kulifikia. Binti yangu ana mimba ya kwanza, na mwezi huu ndio wake. Mwanao amejenga wodi mpya ya wazazi, yenye vitanda vinavyopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Nimevichungulia dirishani. Vyote vimo ndani ya nailoni, hata mito. Wakati huo huo, katika wodi ya zamani wajawazito wanalala wawili wawili, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na aliyechelewa kufika anajifungulia kwenye benchi la korido. Nilimwomba muuguzi mkuu afungue kitanda kimoja tu. Maskini, machozi yalimlengalenga. Alisema agizo ni kwamba wodi isiguswe mpaka aje mgeni rasmi, kwa sababu wazazi hutoka damu, na damu haitoki kwenye godoro. Mama, wodi ya wazazi isiyotaka damu! Nimekasirika, na sioni haya kukuambia, na usiku silali kwa kumuwazia mwanangu kwenye lile benchi.

5. Nimetafakari, nikaona haya hayakuanzia ofisini. Wanaoingia kwako wanasema lipo kabati la vioo lenye vikombe vya ukingo wa dhahabu, na kwamba Meya alikua akinywea kikombe cha bati huku akivitazama vile. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sikulaumu, Mama. Nakupa tu heshima yako kama chanzo.

Basi naomba umwite, ufungue kabati, umnyweshe chai kwa kikombe cha wageni. Kikivunjika kivunjike, asikie mlio wake, aone kwamba dunia haijaisha.

Ikishindikana, naomba atutangaze wakazi wote kuwa wageni. Tuko tayari kujiandikisha, tutatembea na mabegi na kushangaa majengo.

Na hilo likishindikana, amtambue mjukuu wangu peke yake. Huyo hajawahi kukanyaga mji huu, hajui njia, hana anayemfahamu, na anakuja bila hata nguo. Kama kuna mgeni wa kumzidi huyo, nionyeshwe. Apewe kitanda kwa heshima zote, na mama yake aruhusiwe kuingia naye kama msindikizaji.

Nisalimie Mzee, nisalimie wakwe zako na wajukuu, mpishi wako, na yule kijana wa getini aliyenirudisha juzi kwa sababu viatu vyangu vilikuwa na vumbi. Mwambie sina kinyongo, nitakipata nikipata nafasi.

Ni mimi, mpiga kura wa mwanao, nikiwa na adabu zangu zote na subira iliyobaki,

Mama wa mjamzito,
Mtaa wa nyuma ya karakana.

Tanbihi: Mtoto akishazaliwa, karibu sana uje kumwona, na usiwe na wasiwasi wa pa kukaa. Ninayo sofa niliyonunua dukani kwa mwanao kabla hajawa Meya, na nailoni yake nitaitoa siku hiyo kwa heshima yako. Mpaka leo haijakaliwa na mtu. Mume wangu ana kigoda chake. Jana binti yangu, miguu imemvimba, aliomba ajinyooshe hapo kidogo, nikamtandikia mkeka. Sofa kama ile, Mama, na mjamzito wa siku zake? Ingeharibika.