Mashine ya Ernestina na Maboresho Yangu

Jumatatu, 4 Agosti

Wilbroad ametundika bango jipya. HAPA TUNAZALISHA WASOMI. Seremala! Mtu wa vitanda! Eti kwa sababu kijana wake Onesmo alichukuliwa chuo Mwanza mwaka jana. Leo nimempa salamu ya asubuhi, mwangaluka ya heshima kabisa, akaitikia kwa kidevu.

Sawa. Na mimi nina Ernestina.

Ernestina ni mwanafunzi wangu wa kuchomelea vyuma, mwaka wa tatu huu. Mtoto wa wakulima wa pamba kule Lalago. Kidato cha nne alifaulu hesabu na fizikia, nyumbani ada ikakata, akaletwa kwangu. Akishika welding, mkono hautikisiki. Haongei. Mteja akimuuliza kitu ananitazama mimi, mimi najibu. Ndivyo nilivyomlea. Gereji yangu ina mdomo mmoja, na mdomo huo umefika mpaka Nairobi.

Sasa mpangaji wangu, Bi Judica, ofisa maendeleo ya jamii, mtu wa Same, ameleta habari. Alhamisi walimu wa chuo hicho cha Mwanza watakuwa kwenye maonyesho ya Nane Nane, Nyakabindi. Wanataka kuona wanagenzi wa mafundi wa mitaani. Mwanagenzi ndiyo mwanafunzi wa gereji akiandikwa kwenye karatasi za ofisi. Kila mmoja aje na kitu alichokitengeneza mwenyewe, akieleze. Akiwaridhisha, anaingia kozi ya maandalizi, halafu diploma, na akikaza buti, digrii.

Nikamwita Ernestina, nikamwambia anaenda. Nyundo ikamtoka mkononi. Kitu cha kwanza alichouliza: nani atabaki kunishikia vyuma? Nikamwambia vyuma vitajishika.

Baadaye nimelifikiria swali lake. Ni swali zuri. Nimeacha kulifikiria.

Jumanne, 5 Agosti

Ernestina ameleta kitu chake. Kumbe alikuwa anakitengeneza kwa vipande vya kutupa, wakati mimi niko kwenye chai.

Ni cha kung'olea masalia ya pamba. Kila mkulima hapa anajua hiyo adhabu: pamba ikishavunwa, miti yote ing'olewe, ichomwe, la sivyo wadudu wanabaki shambani na bwana shamba anabaki mlangoni. Watu wanang'oa kwa mikono. Mama yake mgongo umekwisha. Basi binti kachukua bomba refu la mpini, chini kaweka meno mawili ya springi ya Land Rover. Meno yanabana shina chini kabisa, unalalia mpini, mzizi unatoka mzima.

Kinafanya kazi. Nimejaribu kwenye mti wa mpapai wa mama Nancy. Mama Nancy ndiye mke wangu. Hajafurahi.

Lakini jamani! Walimu wa chuo watatoka Mwanza kuja kuangalia bomba? Wilbroad atanicheka mpaka Krismasi. Nimemwambia Ernestina aniachie, nitakiboresha kidogo. Alinitazama muda mrefu. Akasema, sawa Fundi.

Maboresho ya leo: tairi mbili za baiskeli ya zamani ya Nancy. Kiti cha pikipiki. Honi.

Jumatano, 6 Agosti

Rangi ya kijani. Mwavuli juu ya kiti, kwa ajili ya jua. Sasa ndiyo mashine! Mteja mmoja kauliza kama ni ya kuuza aiskrimu. Hajasafiri huyo.

Nimetundika na mimi bango. HAPA TUNAZALISHA MAPROFESA WA VYUMA. Mama Nancy akauliza profesa gani. Nikamjibu rangi lazima ikauke mapema.

Jioni tumefanya mazoezi. Nilikuwa mwalimu wa chuo, namuuliza Ernestina maswali. Mtoto anababaika, ananitazama. Ikabidi nijibu mimi. Nilijibu vizuri sana. Nikajipongeza kwa niaba ya chuo.

Bi Judica alikuwa anaanua nguo. Akaniambia, "Fundi Ladislaus, mwache binti aongee."

Nikamweleza kwa upole kwamba ofisini wanaongea, gereji tunafanya kazi. Kanitajia masharti yote ya usaili. Nimeitikia. Akilini nilikuwa natafuta pa kufunga kengele.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku yenyewe! Naandika nikiwa bado na vumbi la Nyakabindi kwenye nyusi.

Tulipakia mashine kwenye guta, mwavuli wazi, watu njia nzima wanatupungia. Ernestina alitembea nyuma kidogo. Nadhani ni unyenyekevu.

Usaili ulikuwa kwenye kipando cha pamba, kile kishamba cha maonyesho nyuma ya banda la chuo, kimezungushiwa turubai. Walimu watatu. Mkubwa wao mama mmoja mwenye miwani, sauti ya taratibu. Wilbroad naye yupo, eti kaja kumtembelea Onesmo wake aliyekuwa anagawa vipeperushi. Kaiona mashine yetu. Akaniuliza harusi ni ya nani.

Mama wa miwani akamwuliza Ernestina jina. Nikamtajia. Akamwuliza ametoka wapi. Nikasema Lalago, familia nzuri, mimi ndiye nimemlea kiufundi. Akamwuliza kwa nini ametengeneza kitu hiki. Hapo nilipanuka. Nilianza na Nairobi.

Halafu akaomba aone kikifanya kazi. Ernestina akakisogeza kwenye mti wa pamba. Sasa sikiliza. Zile tairi zimekiinua. Meno hayafiki chini, yanabana shina katikati. Akalalia mpini, shina likakatika ko! Mzizi umebaki ardhini unatucheka. Mti wa pili, ko! Wa tatu, honi ikalia yenyewe.

Walimu wakaandika kitu. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye raba. Si kwa sababu ya Wilbroad. Nilimwona mtoto anarudisha kipande cha shina juu ya mzizi wake, kama kitu cha kuchomelea.

Mama wa miwani akamwuliza tatizo ni nini. Ernestina akanitazama. Nikafungua mdomo.

"Baba," yule mama akasema, "kila nikimuuliza anakutazama wewe."

Nikamweleza kwa fahari kwamba hayo ndiyo maadili ya gereji yangu. Fundi akiwepo, mwanafunzi hajibu.

"Basi fundi asiwepo kidogo."

Nimefukuzwa! Mimi! Nikatoka, nikasimama nyuma ya turubai, sikio limebandikwa. Wilbroad akaja akasimama pembeni yangu.

Nikasema moyoni, nimemharibia mtoto wa watu.

Kisha nikasikia spana.

Chini ya turubai ukatoka mwavuli. Ukaja kusimama miguuni pangu. Baada yake kiti. Honi. Tairi moja. Tairi ya pili. Kengele hata sikujua kama aliiona, nayo ikatoka ikilia.

Halafu sauti. Mwanzoni sikuitambua. Ilikuwa inaeleza kwamba meno yameinamishwa hivi kwa sababu udongo wa mbuga ukikauka unashika mzizi kama saruji, na mpini umekuwa mrefu kwa sababu mama yake hawezi kuinama. Alijaribu wa kwanza ukapinda, wa pili ukawa mzito, wa tatu ndio huu. Wakamuuliza nguvu inaongezekaje mpini ukiwa mrefu, akawapigia hesabu hapo hapo, kwa mdomo. Mzizi ukatoka. Nikausikia unavyochanika ardhini. Ukatoka mwingine. Watu wakapiga makofi. Binti akacheka!

Miaka mitatu, nilidhani ameumbwa hana maneno.

Wilbroad akaniuliza kama nalia. Nikamwambia ni vumbi.

Jumatano, 13 Agosti

Wamepiga simu. AMECHUKULIWA! Kozi inaanza Septemba mosi.

Mtaa mzima nimewaeleza siri ya ushindi. Kwanza, mashine yangu inafunguka vipande vipande mbele ya wakaguzi. Hilo liliwavutia mno. Pili, niliondoka kwa wakati. Watu wengi hawajui kuondoka kwa wakati. Ni kipaji.

Bi Judica alinisikia hadi mwisho, akaingia ndani akafunga mlango. Nilisikia kicheko.

Jumamosi, 30 Agosti

Leo asubuhi tumemsindikiza stendi. Mama yake alikuja jana kutoka Lalago na kuku wawili, anatembea ameshika kiuno. Wilbroad kaleta sanduku la mninga, kalitengeneza mwenyewe, hataki hata ahsante. Ananikera mtu huyu akiwa mwema. Nikalifungia komeo kubwa kuliko la benki, tukalingana.

Ernestina alipiga goti kuniaga. Nilikuwa na hotuba. Imeanzia Nairobi, ikakwama hapo hapo. Nikampa glovu zangu mpya.

Akanivuta pembeni. Kile kitu chake amekiacha gereji, mama asingeweza kukibeba kwenye basi. Ameniomba nikipeleke Lalago kabla kazi ya kung'oa haijaanza.

"Fundi, kipeleke hivyo hivyo. Usiongeze kitu."

Nikamwahidi. Mbele ya mama yake, mbele ya Wilbroad, mbele ya konda.

Jumapili, 31 Agosti

Gereji iko kimya. Nimechomelea geti peke yangu, limekaa upande. Vyuma havijishiki.

Nimepata mwanagenzi mpya, Elia, kaletwa na baba yake baada ya kusoma bango. Nimemuuliza anapenda nini katika ufundi. Nikamjibia vizuri sana.

Halafu nikakiangalia kile kitu cha Ernestina, kimeegemea ukuta. Kizuri. Kimekamilika. Ahadi ni ahadi, na mimi si mtu wa kugeuka. Kesho kinakwenda Lalago hivyo hivyo kilivyo.

Ila yule mama anatembea ameshika kiuno, nimemwona mwenyewe kwa macho yangu. Atasimama juani siku nzima?

Kiti tu. Na mwavuli, mama Nancy akirudi nao kutoka kanisani.