Daraja Langu na Mamumunye ya Quamme

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Habari mbaya imefika kabla kahawa haijapoa. Mgahawani asubuhi, Janelle Huseby, mhandisi wa kaunti, katangaza mbele ya wote: Mto Otter una madaraja mawili ya chuma, yote makongwe, yote yameota kutu, na kaunti haiwezi kuyatunza yote. Moja litahifadhiwa. Lingine litang'olewa, pajengwe la zege.

Moja ni langu. Haya, ni la kaunti. Lakini liko mwisho wa ua wangu, linaitwa Daraja la Ostby, na Verlyn Ostby ni mimi. Babu wa baba yangu alisomba vyuma vyake kwa mkokoteni wa nyumbu kutoka stesheni. La pili liko kwenye mto huo huo, juu kidogo, kwa Darrold Quamme, anayedai kuwa babu yake alisomba vya kwao mgongoni. Mwongo! Hakuna Quamme aliyewahi kubeba kitu kizito kuliko kijiko.

Niseme ukweli hapa, maana hakuna anayesoma. Nalipenda daraja lile. Nikirudi na pikapu, mbao zake zinagonga, kra-ta-ta-ta, na mke wangu Arlys anasikia akiwa jikoni, anabandika kahawa. Ndoa yetu yote imekwenda hivyo. Zege halisemi kitu. Nitakuwa naingia nyumbani kwangu kama mwizi!

Mhandisi atatandaza mpira mweusi wa hewa, kama ule wa kumwagilia bustani, barabarani kwenye kila daraja, uhesabu magari hadi Jumatatu ijayo. Nikaelewa papo hapo. Linalotumika sana ndilo litakalobaki! Arlys akataka kujua kama nilimwuliza mhandisi. Nikamwambia kuuliza ni kwa watu wasioweza kufikiri.

Nilipoondoka, Quamme alikuwa bado yuko mezani kwa Janelle, anauliza hiki na kile. Maskini.

Jumanne, tarehe 10 Septemba

Mipira imetandazwa. Wangu uko upande wa mjini wa daraja. Nimevuka kwenda kununua gazeti. Nikarudi. Nikavuka kurudisha gazeti, nikidai limekunjwa vibaya. Nikarudi. Nikavuka kuangalia kama mahindi ya watu yamekauka, tayari kwa kuvunwa, kuliko yangu. Yamekauka. Roho ikaniuma, nikarudi.

Mchana mbwa akaruka kutoka kwenye pikapu, akalala chini ya ngazi, akagoma kabisa. Arlys akatoka kuuliza kama nina mwanamke mjini. Nikamwuliza ni mwanamke gani angenivumilia mara zote hizo kwa siku moja. Akakubali haraka mno.

Alasiri, wazo kubwa! Mpira unahesabu magurudumu. Nikafunga trela la samadi nyuma ya pikapu. Lina chuma kinachoning'inia chini, nimeahidi kukikata tangu mwaka jana. Lilipopita juu ya mpira nikasikia fyuuu, kama bata bukini aliyekanyagwa. Nikashuka, nikakagua tairi. Nzima zote. Nikaendelea na kazi.

Jumatano, tarehe 11 Septemba

Nimewaalika akina mama wa kanisa letu la Kilutheri wafanyie kikao chao kwetu. Niliona msururu wa magari kwa macho ya akili. Mmoja mmoja, darajani, wote wanahesabiwa!

Wamekuja katika gari moja. Wamebanana humo na mabakuli mapajani, kuokoa mafuta. Jeli ya kijani yenye karoti ikammwagikia mmoja wao, kila mmoja akamwomba mwenzake msamaha, hata yule ambaye jeli ilimmwagikia. Nimekula sahani mbili za tambi kwa hasira.

Baadaye mbao zikagonga. Quamme! Na mfuko wa mamumunye. Mwezi huu mamumunye hayana mwenyewe, kila bustani inayatapika. Akasema, "Jirani, nimekukumbuka." Sikuamini masikio yangu. Baada ya muda akarudi na mfuko mwingine. Kabla jua halijateremka, mwingine tena. Anavuka daraja langu! Anahesabiwa kwa faida yangu! Nimemsindikiza hadi kwenye gari, nikimwambia asiache kuja.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Hakuacha. Kaleta mamumunye. Kaleta matango. Karudisha spana aliyoazima watoto wetu wakiwa bado shuleni. Kisha kamleta shemeji yake aone nguruwe wangu. Nikamweleza kwamba niliacha kufuga zamani. Akasema basi, wataangalia mahali walipokuwa. Wakaangalia kwa heshima, shemeji kavua kofia.

Uzee umemlainisha Quamme. Arlys anasema mtu huyo hajawahi kutoa kitu bure tangu azaliwe, na kwamba nijiangalie. Wanawake wana shaka sana.

Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Nimeingia mgahawani kifua mbele. Janelle alikuwa anakula pai ya cheri. Nikajisogeza, nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba daraja langu siku hizi halipumui kwa magari. Akaweka uma chini, sura ikamwanguka.

"Pole sana, Bwana Ostby. Daraja lenye magari mengi hatuwezi kuliachia vyuma vya zamani, litatuulia watu. Hilo ndilo tutakalovunja. Lile tulivu ndilo tutakalolihifadhi."

Kahawa ilinitoka puani. Kwenye meza ya dirishani, Quamme akainua kidole kimoja kutoka kwenye kikombe, vile tunavyosalimiana barabarani.

"Vipi, jirani? Mamumunye yametosha, au niongeze?"

Mgahawa mzima ukacheka. Hata mpishi alitoa kichwa jikoni ili asikose. Kumbe Quamme aliuliza tangu Jumatatu! Na mimi nikawa namsindikiza hadi kwenye gari!

Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Kisasi. Nimesimamisha kibao njia panda: VITU VYA NYUMBANI VINAUZWA, na mshale kuelekea daraja la Quamme. Watu wa kaunti hii wakiona maneno hayo hufunga breki hata kama wanampeleka mke kujifungua. Nikaenda bandani kupanga zana, nikipiga mluzi.

Upepo uligeuza kibao. Wote wamekuja kwangu.

Na Arlys hawezi kumrudisha mgeni mikono mitupu. Akafungua gereji! Nilipotoka bandani, kiti changu cha kuvulia samaki kilikuwa nyuma ya pikapu ya Quamme, kinavuka daraja. Quamme ananipungia. Arlys anasema niangalie upande mzuri, amefanikiwa kugawa mamumunye yote.

Jumapili, tarehe 15 Septemba

Mchungaji kahubiri juu ya kumpenda jirani. Nimekaa nyuma ya Quamme ibada nzima, nikitazama kisogo chake. Kisogo cha mtu mwenye furaha.

Mchana nimesimama darajani peke yangu. Nikaweka kiganja kwenye chuma, kina joto la jua. Nimehuzunika kwa kweli. Babu wa baba kalijenga kwa nyumbu, mimi nalivunja kwa pikapu.

Lakini mpira unaondolewa kesho. Bado siku moja. Kesho havuki mtu.

Jumatatu, tarehe 16 Septemba

Daraja langu ni la gari moja kwa wakati. Adabu ya hapa inajulikana: mkikutana, unampungia mwenzako atangulie. Naye anakataa, anakupungia wewe. Anayekubali haraka hakulelewa na mama.

Nikaegesha pikapu upande wangu, injini inaunguruma, nikangoja. Quamme akaja upande wa mjini na trela la nyasi, aje animalize. Nikampungia atangulie. Akatabasamu, akaanza kusogea. Mara nyuma yake akasimama mke wa mchungaji! Kaona nilivyopunga. Kaona kila kitu. Quamme akashika breki kabla ya kufika kwenye mpira.

Akatoa kichwa dirishani. "Tangulia, jirani!"

"Aka! Wewe kwanza, mzee mwenzangu!"

"Mimi sina haraka!"

"Na mimi naharakia wapi? Nguruwe sina!"

Tarishi akasimama nyuma yangu. Nikampungia, akampungia mke wa mchungaji. Mke wa mchungaji akageuka kumpungia aliye nyuma yake, na huyo alikuwa Janelle, kaja kuchukua mpira. Janelle akampungia Quamme. Quamme akanipungia mimi. Tumekaa hivyo hadi injini zikazimwa moja moja.

Arlys akatokea na birika na sinia la biskuti za shayiri, kwa mguu. Watu wakashuka, wakakutana katikati ya daraja. Mke wa mchungaji akaegemea chuma akasema miaka yote hii hakuwahi kuuona mto, alikuwa anaupita tu. Tarishi akakabidhi barua mkononi. Quamme kala biskuti tatu, akiniangalia kama simba aliyenyimwa nyama. Janelle akatazama vyuma juu, vilivyosukwa pembe kwa pembe, mdomo wazi. Kisha akasema jambo la ajabu kidogo: "Watu wote hawa, na hakuna hata mmoja mwenye haja ya kuvuka?"

Wakamalizia kahawa, kila mmoja akageuza gari, akarudi alikotoka. Nimeshinda! Siku moja dhidi ya juma zima la upumbavu wangu, lakini nimeshinda. Baadaye nikamwona Janelle kapiga magoti kwenye mpira, anakuna kichwa.

Alhamisi, tarehe 19 Septemba

LIMEPONA! Daraja la Ostby litahifadhiwa!

Mkutano wa kaunti, ukumbi umejaa. Janelle akasoma matokeo. Daraja langu ndilo tulivu kuliko yote, mpira wake karibu haukuhesabu kitu tangu Jumanne. Una tundu, akasema, pengine panya. Hata hivyo Jumatatu aliona kwa macho yake kwamba hapo watu hukaa, hawapiti. Nikalikumbuka trela la samadi na ile fyuuu. Nikafumba mdomo. Arlys akanikanyaga mguu ili mdomo uendelee kufumbwa.

Lakini la Quamme! Magari yalikuwa mengi hadi wakadhani mashine imeharibika. Jamani, Quamme anakaa upande wa mto ninaokaa mimi! Angeweza kuniletea mamumunye kwa njia ya mashambani bila kuvuka chochote. Ila ili avuke daraja langu ilimbidi kwanza avuke la kwake, kwenda na kurudi, kila mfuko. Kalihukumu mwenyewe, tango kwa tango!

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha nikamwona Quamme ameshika kofia kwa mikono miwili, anatazama sakafu. Kicheko kikanikauka. Nikamfuata nje nikamwambia babu yake alikuwa na mgongo imara. Akasema nyumbu wetu nao hawakuwa wabaya. Kiti changu kakirudisha.

Jumamosi, tarehe 21 Septemba

Kuna jambo dogo ambalo sikulisikia vizuri, kwa kuwa nilikuwa nashangilia. Kuhifadhiwa maana yake ni kufungwa. Watu wa miguu tu. Wameweka nguzo za zege kila mwisho wa daraja. Zege!

Kwenda mjini kwa gari sasa ni kuzunguka kwa Quamme, na la kwake likianza kubomolewa itanibidi nizunguke kaunti nzima. Kwa hiyo pikapu inalala ng'ambo, natembea. Leo nimevuka na mfuko wa unga begani, polepole. Nilipofika mlangoni kahawa ilikuwa tayari. Arlys anasema mbao bado zinamwambia, tena sasa anapata muda wa kukata na pai.

Nimekula pai nikiangalia dirishani. Lile pale. Limesimama!

Jumatatu, tarehe 23 Septemba

Habari moto! Janelle kasema mgahawani kwamba daraja la Quamme halitatupwa. Litafunguliwa chuma kwa chuma, na kaunti itampa bure mtu yeyote mwenye mahali panapofaa pa kulisimamisha tena. Wengine, Quamme wa kwanza, wakaanza kumwuliza panapofaa ni pawe vipi, masharti gani, sijui nini. Mimi nilikuwa nimeshatoka mlangoni.

Panapofaa! Daraja linataka maji chini yake, hata mtoto anajua. Maji ya kuvukia sina, ila trekta ninayo. Hadi mchana nilikuwa nimekata mtaro katikati ya shamba la soya, mpana, wa kupendeza, kutoka mtoni hadi karibu na banda. Arlys akaja ukingoni kuuliza kama nilimwuliza mhandisi. Nikamwambia sihitaji.

Na Quamme, Mungu ambariki! Kasikia, kaja mwenyewe na mashine yake ya kuchimba, bila kuitwa, bila malipo. Ananichimbia tangu saa nane, anapiga mluzi. Kaniambia nipanue zaidi, nisione aibu, afike hadi kwenye bustani ya Arlys kama napenda. Kaleta na mamumunye.

Uzee umemlainisha kweli safari hii.