Kimanda cha Tambi Juu ya Vesuvio

Jumatatu, 15 Aprili
Shangazi Concettina, uliponipa daftari hili ulitaka nikutumie kurasa zake huko Torino. Naahidi kusema yote, hata ya aibu.

Alhamisi darasa letu linapanda mlima Vesuvio, kisha tunashuka kwenye magofu ya Pompei, mji uliofukiwa zamani na majivu ya volkano hiyo. Huko Mwalimu Scognamiglio atamtaja mmoja wetu aeleze duka la mikate la kale. Nautaka sana wajibu huo. Baba ni mwoka mikate, nani mwingine? Ersilia, labda. Mama yake huongoza watalii, naye huongea kama redio.

Mpango: kumlisha Ersilia mpaka asinzie.

Jumatano, 17 Aprili
Mama anapika kimanda cha tambi, kama kila safari. Nimemwomba azidishe jibini na soseji kavu. Akauliza kama tunahamia mlimani. Mayai yamefika kumi na mawili.

Alhamisi, 18 Aprili
Njia yote kokoto. Hatua mbili mbele, moja nyuma, kimanda mgongoni. Ersilia akaniuliza, "Mwenzangu, umebeba tofali?"

Kileleni, pembeni mwa shimo la volkano, nikamkatia kipande cha watu watatu. Akakataa, kona za basi zilimchafua tumbo. Aliyekula ni Mwalimu. Vipande vinne.

Kufika Pompei, Mwalimu kaketi ukingoni mwa barabara, macho mazito. Nikajua nimeharibu. Akapiga mwayo, akasema, "Haya, binti wa mwoka mikate, tueleze."

Nikaeleza punda waliozungusha mawe ya kusagia, na tanuri lililofanana kabisa na letu. Ersilia akanitega: mbona mikate ya kale iliyofukuliwa humo, imeungua, ina alama nane juu? Nikamjibu kuwa baba naye huchanja mikate yake, mtu aweze kumega bila kisu. Watalii wawili wakapiga makofi. Ersilia pia, polepole.

Ijumaa, 19 Aprili
Mwalimu kanionyesha daftari lake. Jina langu lilikuwamo tangu Jumatatu, kwa wino. Mstaarabu sana yule. Anaona haya kukiri kwamba ni kimanda kilichomshawishi.

Mwezi ujao tunakwenda Paestum kuona mahekalu, na msemaji atakuwa mmoja tena. Baba hajawahi kujenga hekalu. Kwa hiyo, shangazi, nijibu kwa posta ya kwanza: kwa mwalimu wa kilo themanini, mayai kumi na mawili yanatosha, au niongeze?