Mtihani wa Vitendo wa Kusamehe

"Ifahamike kwa wote kwamba kuanzia muhula huu somo la Dini litakuwa na mtihani wa vitendo, kama Kemia."

Ndivyo mkuu wa shule alivyotangaza mstarini, koti limefungwa vifungo vyote. Mada ilikuwa msamaha. Na kwa kuwa mwanafunzi hawezi kusamehe asipokosewa, shule ingegharamia makosa.

Maandalizi yakafanywa kitaalamu. Iliundwa Kamati Ndogo ya Makosa. Mwalimu wa Hisabati alipangiwa kukanyaga vidole, matroni kuficha ndala. Mwalimu wa michezo aliomba apewe matusi, kamati ikamkatalia kwa maelezo kwamba ana kipaji mno.

Mwalimu wa Dini, binti aliyetoka chuoni juzijuzi na ambaye bado alikuwa kwenye majaribio ya kazi, hakuulizwa kitu.

"Akifeli mmoja tu darasani kwako, Madam," mkuu alimwambia, "wewe na sisi basi."

"Sawa, Mkuu."

Alikuwa mtu wa kusema sawa. Hapana hakuwahi kuisema.

Siku ya mtihani akaja mkaguzi, mama mtulivu mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Ukumbini kazi ilikwenda vizuri sana. Vidole vilikanyagwa, vikasamehewa. Kijana mmoja alisamehe kabla ya kukanyagwa, akaelezwa kwamba hiyo ni kuruka utaratibu.

Ikafika zamu ya mwanafunzi aliyepewa jina la Kinanda. Waliomwita hivyo walikumbuka alivyopiga kinanda cha kanisa la shule, hadi siku mkuu alipomsimamisha mbele ya wenzake na kutangaza kwamba amekiharibu. Akaondolewa kwaya. Baadaye fundi alikifungua kukitengeneza, akakuta ndani chai ya maziwa iliyokauka. Wanafunzi pale walikunywa chai ya rangi. Ya maziwa ilipelekwa ofisi moja tu. Shule nzima ilijua, na shule nzima ilinyamaza, Madam naye akiwemo.

Mwalimu wa Hisabati akamkanyaga kwa heshima zote. Kinanda akakitazama kiatu.

"Hili haliniumi, mwalimu. Naomba nibadilishiwe kosa."

"Unataka lipi?" mkaguzi akauliza.

"Nimekuja na langu."

Mkuu akacheka peke yake. "Huyu mtoto ana vituko. Madam, hebu mtulize mtu wako."

Ukumbi mzima ukamgeukia Madam. Sawa ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Akaimeza.

"Mkuu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa, "mwongozo wa mtihani unaruhusu mwanafunzi aje na kosa lake. Ila mkosaji aombe radhi kwanza."

"Mwongozo huo nimeuandika mimi."

"Ndiyo, Mkuu. Ndiyo maana nimeukariri."

Mkaguzi akavaa miwani. "Mkosaji ni nani, mwanangu?"

"Mkuu. Chai alimwaga yeye, kinanda nikaambiwa nimeharibu mimi."

Mkuu akasogezwa mbele, akaiweka sawa tai.

"Kwa niaba ya uongozi," alianza, "na kwa kuzingatia changamoto zilizojitokeza baina ya kinywaji na chombo..."

"Neno lenyewe," mkaguzi akasema.

"Kwa hatua hii, tutaunda kamati..."

"Neno, baba."

Mkuu akaishika tai tena. Neno halikutoka.

"Nami niko tayari kumsamehe," Kinanda akasema taratibu. "Akilipata hilo neno, atanikuta kwaya. Narudi leo."

"Mwanafunzi, alama zote. Darasa lote limefaulu, Madam, hongera." Mkaguzi akafunga kalamu. "Mkosaji amefeli. Na kwa mwongozo wake mwenyewe, aliyefeli anarudia somo."

Jumatatu mkuu aliketi dawati la mbele, kidato cha kwanza, magoti yakigusa kidevu. Kutoka kanisani kilisikika kinanda, mtu akijaribu wimbo, akikosea, akirudia.

"Sema baada yangu," Madam akamwambia. "Nisamehe."

"Ni..." Mkuu akakohoa. Akanyoosha kidole juu. "Madam, naomba ruhusa kidogo. Chai yangu inapoa."

Madam alimtazama kwa huruma. Alimhurumia kwelikweli.

"Hapana," akasema. "Neno kwanza."